Nzi wa Maembe Hashindwi na Mtu Mmoja



Wako watakaouliza kwa nini gazeti la chama cha wafanya kazi wa reli linaacha habari za mishahara na nyumba, likaanza kusema habari za nzi. Jibu ni fupi. Wengi wetu tunaolala katika nyumba za kazi tuna wake na watoto nyumbani, na nyuma ya boma iko miembe au michungwa, na ada ya shule ya Januari hutoka katika miti ile mara nyingi kuliko kutoka katika mshahara. Mwenye miembe hamsini Makueni au Machakos ajua uchungu wa kupasua embe lililo zuri kwa nje, akakuta funza weupe wanarukaruka ndani. Mnunuzi hupasua moja tu, kisha hugeuza lori lake akaenda zake.

Nzi huyu mkubwa wa maembe ni mgeni. Alitoka Asia, akaonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 upande wa pwani, na kutoka hapo akaenea Afrika karibu yote iliyo kusini ya Sahara. Alikuta wenyeji wake, maana Afrika tulikuwa na nzi wetu wa matunda tangu zamani, lakini huyu aliwazidi nguvu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha maembe yake kwenda soko la Ulaya kabla ya kufungiwa mlango, na hayakuanza kwenda tena mpaka 2021. Miaka saba, ndugu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza alikaribia kumaliza shule ya msingi.

Katika miaka hiyo yote watu walifanya nini? Walipuliza dawa. Na anayepuliza ni nani? Si mwenye shamba kubwa. Ni kibarua wa siku, mfanya kazi kama sisi ila hana chama. Hubeba bomba mgongoni tangu alfajiri, shati limelowa sumu, hana glavu wala kitambaa cha pua, na saa saba hula ugali kwa mikono ile ile. Akisema kichwa kinamwuma, huambiwa ni malaria. Na baada ya taabu hiyo yote, funza aliye ndani ya embe hakuguswa na dawa, wala yule aliyekwisha jizika udongoni kugeuka nzi. Wiki ya pili nzi wamerudi. Wengine wametoka katika udongo ule ule, na wengine wametoka kwa jirani ambaye hakupuliza.

Iko njia nyingine, nasi twaona yafaa kila mwanachama aifahamu, maana siku moja mtaletewa habari zake na mtu mwenye kalamu na karatasi za kutia sahihi, na ni heri mjue cha kumwuliza.

Njia yenyewe ni hii. Watu humfuga kiwandani mdudu yule yule anayewasumbua, kwa mamilioni. Kisha humpitisha katika mashine yenye miali ya jamaa moja na ile inayopiga picha ya kifua hospitali, lakini yenye nguvu nyingi zaidi, hata uzazi wake ukaharibika. Baadaye humwachilia bustanini akiwa mzima, anaruka, anatafuta mwenzake. Dume tasa akimpata jike wa porini, jike yule hutaga mayai yasiyoanguka. Wakiachiliwa wengi, wiki baada ya wiki, majike wa porini huwa hawapati ila madume matasa, na kizazi hupungua. Hakuna sumu. Wala mdudu yule habaki na miali ndani yake ya kumdhuru mla tunda, kama vile wewe uliyepigwa picha ya kifua hukurudi nyumbani ukiwaka kama taa.

Wazo hili lina mizizi hata huku kwetu. Katika Tanganyika, miaka ya 1940, mtaalamu mmoja jina lake F. L. Vanderplank aliona ya kuwa mbung'o wa aina mbili wakipandana uzazi wao huharibika, akaachilia aina moja katikati ya nyingine ili kuimaliza. Hakutumia miali. Katika Marekani Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa serikali, alikuwa akiwaza jambo la namna hiyo tangu miaka ya 1930, juu ya nzi ambaye funza wake hula nyama ya ng'ombe aliye hai. Miali ilipopatikana, mwaka 1954 walimmaliza nzi yule katika kisiwa cha Curaçao. Hapo ndipo ulimwengu ulipoamini.

Lakini huyo alikuwa nzi wa mifugo, na kisiwa ni mahali penye mipaka. Sisi twataka kuona bustani za matunda, zenye wenyewe wengi wasiopatana, kama zetu. Basi twende Kanada, jimbo la British Columbia, katika bonde la Okanagan na lile la jirani yake, Similkameen.

Mabonde hayo ni makavu na yana jua, na watu wake hupanda matufaha. Adui yao ni nondo mdogo wa rangi ya majivu. Jike hutaga mayai juu ya jani au tunda, na kiwavi hutoboa tufaha mpaka katikati akala mbegu. Miaka mingi walipuliza sumu mara kadhaa kila msimu. Katika kituo cha utafiti cha Summerland bwana mmoja, M. D. Proverbs, alianza tangu miaka ya 1950 kujaribu nondo tasa, na kutoka 1976 hata 1978 walijaribu kwa kipimo kikubwa katika Similkameen. Wakafaulu. Nondo wa porini walikaribia kwisha. Kisha ikaletwa hesabu ya fedha, ikaonekana nondo tasa wana gharama kuliko dawa, na jambo likalala kwa miaka zaidi ya kumi.

Hapa twataka kusema neno letu. Hesabu za namna hii, hata huku kwetu, huandika bei ya mtungi wa dawa. Haziandiki kifua cha aliyeubeba mtungi. Kama mfanya kazi angeandikwa katika hesabu pamoja na siku zake za kulala kitandani bila malipo, vitu vingi vinavyoitwa rahisi vingeonekana ni ghali mno.

Katika miaka ya 1990 serikali za wilaya za mabonde yale zilikubaliana kufanya kazi hiyo pamoja. Wakajenga kiwanda Osoyoos, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Marekani, na mwaka 1994 wakaanza kuachilia nondo upande wa kusini, wakaenda kaskazini kidogo kidogo. Kiwanda kiliwekewa nguvu ya kutoa nondo milioni 15 hivi kwa wiki. Viwavi walikulia katika sinia zenye chakula kilichokorogwa na rangi nyekundu. Rangi ile ilikuwa na kazi yake: mtu akimkuta nondo katika mtego alimponda, na akiona wekundu ndani alijua huyu ni wa kiwandani, asipouona alijua ni adui wa kweli. Baada ya kupigwa miali nondo walitiwa katika baridi ili walale wasijiumize, wakapakiwa, na watu wakiwa juu ya pikipiki za magurudumu manne walipita kati ya mistari ya miti wakiwamwaga. Kila ekari ilipata kama 800 kwa wiki, tangu miti ilipochanua mpaka karibu na mavuno. Mitego ilikaguliwa kila wiki na hesabu iliandikwa. Ilikuwa kazi ya zamu na daftari, ndugu, kama kazi ya genge linalokagua njia, siyo muujiza.

Angalieni sana hesabu moja. Walitaka kwa kila nondo mmoja wa porini wawepo matasa 40. Basi fikirini: kama shamba lina nondo wa porini wengi, kiwanda gani kitatosha? Kwa hiyo kabla ya kuachilia hata nondo mmoja, walisafisha kwanza. Wakapuliza dawa miaka ya mwanzo, wakaondoa matunda mabovu, wakakata miti iliyoachwa bila mwenyewe. Nondo tasa hawafagii uchafu. Wao humaliza kazi ambayo watu wameianza. Yeyote atakayekuja kuwaambia wakulima wa Makueni walale, nzi wa kiwandani watafanya kazi yote, huyo anauza kitu.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililotufanya tuandike, ni la kodi na sheria. Watu wa Okanagan hawakuliacha liwe la hiari. Jike aliyekwisha pandwa na dume mzima huruka kutoka mti wa jirani, na hapo nondo tasa wote ulioachilia kwako ni bure. Kwa hiyo wenye bustani walitozwa kwa ekari, na wenye nyumba wa mjini nao walitozwa katika kodi ya ardhi, hata asiye na mti mmoja. Na mwenye mtufaha mmoja nyuma ya jiko alitakiwa kuutunza, ama aondoe matunda yenye wadudu, ama aukate. Walinung'unika? Walinung'unika sana. Mtu wa mjini alisema, kwa nini nilipie faida ya mwenye bustani? Swali hilo si la kipumbavu. Jibu ni kwamba maji anayokunywa na hewa anayovuta zilikuwa zinapata sumu ile ile, na mti wake mmoja ungeweza kuharibu bustani ya watu kumi.

Mambo hayakwenda yote sawa. Mwanzoni walitumaini kumfuta nondo kabisa katika mabonde yale. Hawakuweza. Wakati wa baridi ya masika nondo wa kiwandani walikuwa wazito kuliko wenzao wa porini, na mahali pengine wadudu walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wakabadili shabaha, wakasema tutamshikilia chini asidhuru. Na hapo walifaulu: dawa zinazouzwa katika mabonde yale kwa ajili ya nondo yule zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1991. Hiyo ni mitungi ambayo hakuna kibarua aliyeibeba.

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu na matufaha yao tu. Unguja walifanya. Mbung'o tasa walifugwa Tanga, wakalishwa damu, wakapigwa miali, na kutoka 1994 wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Waliofanya kazi katika nyumba zile za Tanga walikuwa watu wa pwani hii hii, wanaosema lugha hii tunayoiandika. Wajapani nao walimmaliza nzi wa matango na mung'unye katika visiwa vya Okinawa mwaka 1993, baada ya kazi ya miaka zaidi ya 20. Na kwa yule nzi wa matunda aliye mwenyeji wa Afrika, aliyeenea duniani, wataalamu wamepata mbegu ambayo mayai yake ya kike hufa yakitiwa katika joto la digrii 34 hivi, wakabaki madume peke yao. Hiyo ni faida kubwa, maana jike hata akiwa tasa huweza kutoboa tunda.

Lakini isomeni habari ya California pia. Mwaka 1980 nzi huyo huyo wa Afrika alionekana huko, wakaanza kuachilia nzi tasa. Mwaka 1981 wakuu wa kazi ile walisema kwamba baadhi ya nzi walioletwa kutoka Peru hawakuwa tasa. Yaani walikuwa wanamwaga adui kwa mikono yao. Mwisho helikopta zilipuliza sumu juu ya paa za nyumba za watu, kwa ghadhabu kubwa ya wenyeji. Twaambiwa daima kwamba mashine ndiyo yenye kazi. Mashine haijui kama muda wake umetimia. Anayejua ni yule aliyesimama karibu nayo, na kama amefanya zamu mbili mfululizo kwa mshahara wa zamu moja, hata yeye hajui.

Na ndani ya viwanda hivi yako madhara yake. Mahali wanapofugwa nondo, unga wa mabawa hujaa hewani, nao huingia mapafuni mwa wafanya kazi wasipopewa vitambaa vya pua na mashine za kuvuta hewa. Tena kazi ya kumwaga wadudu ni ya msimu. Mwajiri hupenda sana neno hilo, msimu.

Sasa turudi Kenya. Nzi wa maembe ni mgumu kuliko nondo wa matufaha. Hali tunda moja. Hula embe, pera, chungwa, papai, na matunda ya mwituni yasiyo na bei, tena huruka mbali. Kwa hiyo hatusemi leo kwamba kiwanda kijengwe kesho. Twasema kwamba hata tukitaka kiwanda miaka kumi ijayo, kazi ya kukitangulia ni ile ile na yaweza kuanza msimu huu: mitego yenye harufu inayovuta madume itundikwe na kuhesabiwa, na kila embe lililoanguka liokotwe likazikwe zaidi ya futi mbili chini, au litiwe katika mfuko mweusi uliofungwa na kuanikwa juani mpaka funza wafe. Kutupa maembe mabovu kando ya shamba ni kufuga nzi bila mshahara.

Na hapo ndugu, neno hili linatupata sisi hasa. Wako wanachama wenye miti ambao huenda nyumbani Krismasi na Pasaka tu. Mama watoto ana mambo mengi, mzee hawezi kuinama, na maembe huanguka yakaoza chini ya mti wiki nne. Jirani ameokota yake yote, ametundika mitego, amekopa fedha kwa ajili yake. Nzi wanaomharibia wametoka kwako. Mtu wa namna hiyo asije mkutanoni akasema juu ya umoja mpaka amemtumia kijana wa jirani shilingi za kuokota maembe.

Kwa upande wa serikali za kaunti twasema hivi. Nzi hajui mpaka wa kaunti, basi Makueni, Machakos, Kitui, Embu, Murang'a na pwani zisifanye kila moja peke yake kwa fedha za mfadhili mpaka fedha zile zikaisha. Gharama isimwangukie mkulima mwenye miti ishirini peke yake. Mwenye kununua na kusafirisha alipe sehemu yake kwa kila kreti, maana yeye ndiye aliyerudi Ulaya kupata faida 2021. Na wale watakaokagua mitego na kuzika matunda waajiriwe kwa barua, wapewe viatu na glavu, wasiwe vibarua wa kuitwa asubuhi na kufukuzwa jioni. Kazi hii ikikosa watu wiki tatu, kazi ya mwaka mzima imeharibika. Okanagan waliifanya tangu 1994 kwa miaka mingi, wala hawakusema wamemaliza.

Liko pia jambo lililo mlangoni petu. Kando ya njia, na katika viwanja vya nyumba za wafanya kazi, iko miembe mikubwa ya zamani isiyo na mwenyewe. Watoto hula ya chini, ya juu huanguka yakaoza, na kila mmoja husema si yangu. Halmashauri yetu yataka kumwandikia mwajiri atoe siku mbili za kazi kwa mwezi wakati wa maembe, zenye malipo, kwa ajili ya kuokota na kuzika. Lakini hatuwezi kuandika bila hesabu. Katibu wa kila tawi ahesabu miti iliyo katika eneo lake, aandike ni mingapi, iko stesheni gani au nyumba namba ngapi, na karatasi hiyo ifike ofisini kabla ya mwisho wa Septemba.